Namna ya kujenga mji wa ndoto juu ya Lusenda, ndani ya kompyuta

Wale wanaoona picha zangu kwenye simu wanarudia swali moja: "Hii mji iko wapi?" Haiko popote. Ufuko ni wa Lusenda, mlima wa nyuma ni ule ule munaoujua, ziwa ni Tanganyika. Lakini zile nyumba zinazopanda mlima kama ngazi, minara yenye bustani juu ya paa, na bandari inayoelea, vyote vimejengwa ndani ya kompyuta. Swali la pili njo limenifanya niandike: "Unafanya aje?"

Nitaeleza, lakini si hatua zote kwa urefu mmoja. Kuna mambo ambayo vijana wengi kwenye YouTube wanaeleza vizuri kunishinda, hayo nitayapita mbio. Yale wasiyoeleza, juu hawajui ufuko wetu, hapo nitakaa. Na mujue mimi nilisoma agronomia, sikusoma ujenzi wala sanaa. Haikunizuia, maana sehemu kubwa ya mji wa kubuni unaoaminika ni udongo, maji na jua.

Kabla ya kompyuta, tumwangalie Mukongomani mwenzetu aliyefanya kazi hii kwa mkasi na gundi. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, upande wa Bandundu ya zamani, akafika Kinshasa mwaka 1970, akawa mwalimu. Baadaye akaanza kutengeneza maketi za majengo ambayo hayapo: karatasi ngumu, pakiti za bidhaa za dukani, plastiki, makopo ya vinywaji, vifuniko vya chupa. Alipopeleka moja kwenye makumbusho ya taifa hawakuamini kama ni mikono yake. Ikabidi atengeneze nyingine ili waone, kisha wakampa kazi ya kurekebisha vinyago vilivyoharibika. Mwaka 1989 alionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka 3 baada ya kifo chake, makumbusho ya MoMA ya New York yalimfanyia maonyesho makubwa.

Mwaka 1994 Kingelez alitengeneza maketi inayoitwa Kimbembele Ihunga. Njo jina la kijiji chake, kijiji cha wakulima, lakini ndani yake aliweka maghorofa, benki, restora na uwanja wa mpira. Hakwenda kuota New York. Aliota nyumbani kwao. Miaka 2 baadaye akafanya Ville Fantôme, maketi yenye urefu wa karibu mita 6, mji ambao alisema hauhitaji polisi. Pale MoMA wageni walivaa miwani ya kompyuta wakatembea ndani ya barabara zake, yaani mji wa karatasi uligeuzwa kuwa modeli ya kidijitali. Sisi tunakwenda njia hiyo hiyo, lakini tunaanzia kwenye kompyuta.

Chombo ninachotumia ni Blender. Ni programu ya bure, si ya wizi. Iliandikwa na Muholanzi Ton Roosendaal kuanzia 1994. Kampuni yake ilipofilisika mwaka 2002, watumiaji walichanga euro 100,000 kwa majuma 7 tu, programu ikanunuliwa na kuachiwa dunia nzima. Mwaka 2025 filamu Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ni kitu cha kuchezea. Ukiwa na mashini dhaifu, usilazimishe toleo jipya. Matoleo ya zamani kama 2.79 bado yanapakuliwa bure, na yanakubali mashini ambazo toleo jipya linazikataa. Pakua mara moja, weka kwenye flash, gawa na wenzako. Sheria yake inaruhusu.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanafungua programu, wanakuta lile boksi la katikati, wanaanza kujenga mnara. Mimi ninasema anza na ardhi.

Mwezi wa 2 wa mwaka 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima urefu wa ardhi kwa rada. Vipimo hivyo vinaitwa SRTM, vinapatikana bure, na vinatoa urefu wa ardhi kila baada ya mita 30 hivi. Wale wa agronomia na jiografia munavijua kupitia QGIS. Ukikata kipande cha kilomita 5 kwa 5, kuanzia majini mpaka mlimani, unapata nukta kama 28,000. Hiyo kwa Blender ni mzigo mdogo sana, hata mashini ya RAM ya gigabaiti 4 inabeba. Unaingiza ile picha ya urefu, unaifanya isukume uso bapa kwenda juu, na mbele yako unaona Lusenda, bila nyumba, bila miti, mfupa mutupu.

Hapo kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuongeza urefu wa mlima mara 2 au 3 ili utishe. Acha. Mitumba inajitosha; ukiivuta juu zaidi, jicho la mtu wa hapa litakataa picha nzima hata kama hajui ni kwa nini. Cha pili ni kuamini kwamba vipimo vimekamilika. Mita 30 ni pana kuliko mito yetu midogo mingi, kwa hiyo makorongo yanayoshuka wakati wa mvua hayaonekani. Hayo unayachonga kwa mkono, kwa kutumia kile ambacho macho yako yameona: maji yanashuka wapi, yanaacha mchanga wapi, wapi mihogo inakauka na wapi migomba inakubali. Hakuna programu itakayokupa habari hiyo. Mtoto wa hapa iko nayo tayari.

Halafu ziwa. Mtu wa mbali akichora mji wa ziwani anaweka nyumba nzuri kwenye maji, ngazi tatu, maua. Sisi tunajua ziwa halitulii. Munakumbuka 2024, maji yalivyopanda mpaka bandari ya Kalundu na mitaa ya Uvira ikaingiliwa. Munakumbuka mwezi wa 4 wa 2020, mto Mulongwe ulivyoingia Uvira ukabeba nyumba na watu. Na historia inakwenda mbali zaidi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Stanley alipofika mwaka 1876 alikuta mlango huo umezibwa na mchanga na majani. Ziwa lilikuwa juu sana. Mwaka 1879 Joseph Thomson alikuta maji yanatoka kwa nguvu, na miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10.

Mita 10! Jengo la ghorofa 3. Mji wa ndoto ulio kando ya ziwa kama hili lazima uwe na jibu. Katika modeli yangu nilichora kwanza mistari 2 juu ya ardhi: maji ya chini na maji ya juu. Katikati yake hakuna nyumba ya kudumu. Kuna mashamba ya mpunga, kuna nguzo, kuna sakafu za mbao zinazoelea zikiwa zimefungwa kwenye nguzo kwa pete za chuma, hivyo maji yakipanda bandari nzima inapanda nayo. Nguzo zina alama za matope za miaka iliyopita, moja juu ya nyingine. Ni kitu kidogo, lakini mtu anaangalia anaelewa bila maneno: hapa watu wameishi, wamefurika, wamejifunza. Wasomaji wenye kupenda hadithi za ajabu, mji unahitaji historia hata kama ni ya uongo, na historia ya mji inaonekana kwanza pale maji yanapofika.

Baada ya ardhi na maji, njo unaanza kujenga, na unajenga kwa maboksi matupu. Hakuna dirisha, hakuna rangi. Weka vipimo vya programu kwenye mita, halafu tengeneza mtu: boksi lenye urefu wa mita 1 na sentimita 70. Mpeleke kila mahali unapojenga. Mlango mita 2. Kidato cha ngazi sentimita 17. Mji wangu unapanda mita 60 kutoka ziwani. Gawa kwa sentimita 17 unapata vidato zaidi ya 350. Sasa mfikirie mama mwenye bido ya lita 20 kichwani. Hawezi kupanda vidato 350 bila kupumzika. Kwa hiyo kila vidato 15 nikaweka sehemu bapa, na kwenye sehemu bapa nyingine benchi, na penye benchi mti wa kivuli, na penye kivuli mtu atauza karanga. Angalia vizuri kilichotokea hapo: sikukaa kubuni mapambo. Yalitoka yenyewe kwenye hesabu ya uzito wa maji. Halafu nikajiuliza kwa nini mama abebe maji kabisa, wakati mto unashuka kutoka juu. Nikapitisha mfereji wa mawe kando ya ngazi, na mji ukapata uti wa mgongo.

Hii njo tofauti na zile picha ambazo sasa mtu anaandika sentensi moja na kompyuta inamtolea mji mzima kwa sekunde 10. Ninaziona, zingine nzuri kweli. Lakini jaribu kuhesabu vidato vyake, au kufuata bomba la maji linatoka wapi. Jaribu kugeuza kamera uone nyuma ya nyumba. Hakuna nyuma. Ukijenga modeli, nyuma ipo.

Vitu vya kujengea vinaamua sura ya nyumba, hata nyumba ya ndoto. Ndugu zetu wa pwani ya Waswahili walijenga kwa mawe ya matumbawe, na dari walizibeba kwa boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiendi mbali, mita 2 na nusu au 3 hivi, kwa hiyo vyumba vya nyumba zao za mawe ni vyembamba na virefu. Hata jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa, la mwanzo wa karne ya 14, lenye kidimbwi cha pembe 8, vyumba vyake vinafuata sheria hiyo. Magofu ya Kilwa yamepimwa kwa leza na watu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa hiyo hata mababu wetu wa mawe wako ndani ya kompyuta leo. Sasa wewe jiulize: mji wako unajengwa kwa nini? Nilichagua matofali ya kuchoma, mawe ya ziwani, na shina la mti mkubwa wa kubuni ambao unafika mita 12. Huo mti ni uchawi wangu wa pekee. Kila paa, kila daraja limepimwa kwa shina hilo. Uchawi mmoja uliofuatwa mpaka mwisho unaaminika. Uchawi 20 katika picha moja ni kelele.

Hata Hollywood wanafanya hivyo. Hannah Beachler, aliyebuni mji wa Wakanda katika filamu Black Panther na kupata Oscar mwaka 2019, aliandika kitabu kizima cha kanuni za nchi ile kabla ya kujenga, na kwenye minara ya kisasa akaweka paa za mviringo za Kiafrika. Pesa yao hatuna. Kanuni hazilipiwi.

Juu ya wingi wa majengo: usijenge nyumba 400. Jenga vipande 15 au 20: ukuta wenye dirisha, ukuta mutupu, kona, mlango, paa, nguzo, kidato. Kisha unavipanga kama mtoto anavyopanga matofali. Katika Blender kuna njia 2 za kunakili. Ukibonyeza Shift+D kila nakala inabeba uzito wake. Ukibonyeza Alt+D nakala zote zinatumia umbo moja, na ukirekebisha dirisha moja yote yanarekebika. Kwa mashini zetu hiyo ya pili njo uhai. Geuza kidogo kila nakala, ongeza upana hapa, punguza pale, juu jicho linagundua haraka nyumba zinazofanana kama mapacha.

Ngozi ya vitu, wenyewe wanasema tekstiri, nitaipita haraka. Kwenye tovuti ya Poly Haven kuna picha za mawe, mbao na udongo, bure kabisa. Onyo moja: picha yenye piseli 4096 kwa 4096 ikifunguliwa inakula megabaiti 64 za kumbukumbu. Ya 1024 inakula 4 tu. Kwa ukuta ulio mbali mita 200 hakuna mtu atakayeona tofauti. Na ukiweza, piga picha za kuta za hapa kwa simu yako, asubuhi wakati kuna mawingu ili pasiwe na kivuli. Udongo wetu mwekundu unaruka mvua ikipiga, unachafua ukuta mpaka magotini. Ile doa nyekundu chini ya kila ukuta ni ya hapa. Sijaikuta kwenye tekstiri yoyote niliyopakua.

Sasa mwanga, na hapa ninaomba muvumilie, juu njo mahali picha inapozaliwa au inapokufa.

Picha nyingi za mji wa ndoto zina jua la machweo, dhahabu juu ya majumba yanayoangalia maji. Watu wanaiga hivyo hivyo. Lakini sisi tuko ukingo wa magharibi wa ziwa. Jua letu linatoka ziwani, juu ya milima ya Burundi, na linazama nyuma ya Mitumba. Maana yake? Dhahabu kwenye uso wa nyumba zinazoangalia ziwa, hapa kwetu ni ya asubuhi, kati ya saa 12 na saa 1. Jioni ni kinyume: mlima unameza jua mapema, ufuko unaingia kivulini wakati mbingu bado nyeupe, na ng'ambo kule Burundi milima bado inawaka. Ni mwanga wa ajabu sana, nyumba za bluu na ziwa lenye moto upande wa mbali, na sijauona kwenye picha za watu wengine. Tumezoea tu, njo maana hatuuoni kuwa mali.

Katika Blender kuna nyongeza inayoitwa Sun Position: unaandika latitudo, longitudo, tarehe na saa, nayo inaweka jua mahali pake. Lusenda ni karibu digrii 4 kusini ya ikweta na digrii 29 mashariki. Saa 6 mchana, mwezi wa 3 na tena mwezi wa 10, jua linafika karibu kabisa juu ya kichwa, kivuli kinajificha chini ya miguu. Mwezi wa 6 linaegemea kaskazini. Nguzo ya mita 3 inatoa kivuli cha mita 1 na nusu hivi kuelekea kusini. Anayejenga mji wa ikweta kwa jua la Ulaya, lile la kulala pembeni mchana kutwa, anajenga mji wa Ulaya wenye michikichi. Hata baraza zake hazitakuwa na kazi. Kwetu baraza ipo juu ya jua la kichwani na mvua ya kupiga upande, kwa hiyo paa zangu zinatoka nje mita 1 na nusu, na kivuli chake chini ya ukuta njo kinachora mji wote.

Ongeza na hewa. Kiangazi kina vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, milima ya mbali inafutika kabisa. Baada ya mvua kubwa ng'ambo inaonekana karibu kama unaweza kuigusa. Chagua majira kabla ya kuweka ukungu. Ukungu mwepesi una faida nyingine ya kimaskini: unaficha nyumba za mbali ambazo hukuzimaliza. Hakuna aibu ndani yake, hata wachoraji wa zamani walifanya hivyo.

Inabaki kazi ya mwisho, kompyuta kuhesabu mwanga na kutoa picha. Wanaita rendaringi, mimi ninasema kupika picha, maana inachukua moto na muda. Blender ina vyungu 2. Eevee, iliyokuja mwaka 2019, inapika haraka kwa kukisia mwanga kama michezo ya video. Cycles inafuata miale yenyewe: kutoka kwa kamera, kugonga ukuta, kuruka, mpaka kufika kwenye jua. Picha ya piseli 1920 kwa 1080 ina piseli zaidi ya milioni 2. Ukiomba miale 128 kwa kila piseli, ni njia milioni 265 za kufuata. Na ili kupunguza chembechembe za picha kwa nusu, unahitaji miale mara 4. Kwa hiyo hesabu inakimbia mbele yako. Dawa yake ni ile kichujio cha Intel kilichomo ndani ya Blender, kinachosafisha chembechembe. Miale 100 na kichujio mara nyingi inatosha.

Kwa sisi wa Fizi hiyo hesabu ni ya umeme. Fikiria mashini inayokula wati 60 ikifanya kazi kwa nguvu. Saa 10 za kupika ni wati-saa 600. Batri ya gari ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1200 kwenye karatasi, lakini ukiinyonya kupita nusu unaiua. Picha moja ya usiku kucha ni batri nzima, na nyumbani kuna simu, kuna taa, kuna mdogo wako anayesoma. Njo maana ninapika majaribio yote kwa robo ya ukubwa: upana robo, urefu robo, kazi inakuwa sehemu 1 ya 16. Ninaangalia mwanga, ninaangalia umbo, ninabadilisha. Picha kubwa ninaipika mara moja tu, mchana wa jua kali, wakati pano linajaza na mashini inakula pamoja. Kama ni filamu fupi, toa kila picha peke yake katika faili ya PNG, usitoe video moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye picha ya 80, unaendelea na ya 81.

Kisha, kabla ya kupika ile kubwa, rudi ndani ya mji ukaweke maisha. Sisemi watu, watu wa kompyuta wakiwa wabaya wanaharibu kila kitu. Ninasema alama za watu: kamba ya nguo, moshi, mtumbwi uliopinduliwa, chungu cha mawese, kuku. Mama mmoja jirani aliomba kuona picha kwenye mashini yangu. Hakuangalia minara hata kidogo. Aliuliza, "Mutoto wangu, na ndagala wanaanika wapi?" Nikamwonyesha mapaa bapa ya chini, yenye nyavu na vitu vidogo vyeupe juu yake. Akasogeza uso, akaangalia sana, akacheka: "Aah, huku juu! Basi hapa kuko batu." Mtu wa sanaa angeandika kurasa 3 kusema hivyo.

Nimalize na jambo ambalo si la ufundi, lakini linatugusa sisi tulio na diploma. Picha hizi zina nguvu ya kuaminisha, na nguvu hiyo inaweza kutumiwa vibaya. Munakumbuka Akon City kule Senegali: picha za minara inayopinda kama mawimbi, gharama iliyotangazwa dola bilioni 6, jiwe la msingi mwaka 2020. Mwaka 2025 serikali ya kule ikathibitisha kwamba mradi haupo tena. Picha zilikuwa nzuri sana. Watu wa kijiji cha Mbodiène walibaki na ardhi iliyosubiri. Hapa kwetu, ambapo tangu 2015 Lusenda ina kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, ambapo wengine wanalala chini ya mabashi na wengine wameshakimbia mara 3 au 4 ndani ya wilaya yao, picha ya nyumba nzuri si mchezo. Mtu akiiona anaweza kuuliza wanaandikisha wapi majina. Niliulizwa hivyo, kwa nia safi kabisa.

Kwa hiyo kwenye kila picha ninayotoa ninaandika chini, kwa herufi zinazosomeka: "Mji wa kubuni. Si mradi." Hata kama inapunguza urembo. Na kama siku moja kanisa, shule au shirika likikuomba uwachoree jengo ambalo watajenga kweli, hiyo ni kazi nyingine: hapo unakaa na fundi na mtu wa ujenzi, vipimo vinatoka kwao, uchawi unabaki nyumbani. Ujuzi ni ule ule, na malipo yapo, si makubwa. Lakini usiwachanganyie wateja hizo kazi 2.

Faili ya ardhi ya Lusenda niliyoichonga, pamoja na makorongo na ile mistari 2 ya maji, ni megabaiti chache tu. Mwenye anataka kujenga mji wake juu yake aniandikie hapa chini, au alete flash tukikutana Baraka. Makorongo ya upande wa Nundu bado sijayachonga. Anayeyafahamu vizuri anisaidie.